Maji Yakiingia Majumbani: Mwongozo Kamili wa Kuamsha Mtaa Dhidi ya Ukatili kwa Wanawake Baada ya Mafuriko Mombasa

Mvua kubwa ikipiga Mombasa, hesabu huanza kabla maji hayajakauka: nyumba ngapi zimeanguka, familia ngapi zimelala shuleni, magunia mangapi ya unga yatafutwe. Hesabu hiyo ni ya lazima. Lakini kuna madhara yasiyoingia kwenye daftari la mtu yeyote. Mwanamke hupigwa usiku ule ule ndani ya darasa walimokimbilia. Msichana hufuatwa akienda chooni gizani. Mama huambiwa na mgawaji wa msaada kwamba jina lake litaingia kwenye orodha "tukielewana".

Mwongozo huu ni wa watu wa mtaa wanaotaka mambo hayo yajulikane na yazuiwe: kikundi cha akina mama, vijana wa maskani, wahudumu wa afya ya jamii, wazee wa mtaa, maimamu na wachungaji. Si lazima uwe na shirika, wala ofisi.

Niseme msimamo wangu mapema. Kumhamasisha mtu si kumwambia kwamba ukatili ni mbaya. Hilo analijua, na hata anayepiga analijua. Kuhamasisha ni kuhakikisha kila mtu mtaani anajua aende wapi usiku wa leo, ampigie nani simu, na kwamba hakuna mwenye haki ya kumzuia. Ukiwaita watu mkutanoni ukawaacha bila majibu hayo, umewasumbua tu. Hatua zote zilizo hapa chini zimepangwa kwa msingi huo.

Kwanza uelewe kinachotokea

Ukatili haungoji mvua. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Hiyo ni hali ya siku zote, jua likiwaka na kila mtu akiwa kwake.

Kinachofanywa na mafuriko ni kuondoa kinga chache alizokuwa nazo mwanamke. Mlango wenye komeo umekwenda. Jirani aliyekuwa akisikia kelele na kugonga ukuta amehamia kwa ndugu zake. Simu imeingia maji au haina chaji. Mama wa viazi karai amepoteza karai, jiko na mtaji wake wote, na sasa anaomba kila shilingi kwa mume. Aliyekwisha kumkimbia mume mkatili hujikuta amerudi kwake, kwa sababu chumba alichopanga kimejaa tope na hana kwingine pa kulaza watoto. Familia iliyobaki mikono mitupu huanza kusikiliza posa ya binti wa miaka 14, posa ambayo mwezi uliopita wangeikataa mlangoni.

Wengine husema haya ni mambo ya umaskini. Si kweli. Baada ya tetemeko la Januari 2010 nchini Haiti, wanawake na wasichana walibakwa katika kambi za mahema za Port-au-Prince, nchi maskini kweli. Lakini mwaka mmoja kabla, Februari 2009, moto wa nyika uliua watu 173 katika jimbo la Victoria, Australia, nchi tajiri, na watafiti waliozungumza na wanawake baadaye walikuta nyumba ambazo ukatili ulianza au ulizidi baada ya moto. Wanawake hao walikuwa wakiambiwa wavumilie, kwa kuwa waume zao nao walikuwa wameteseka. Maneno hayo hayo utayasikia Kisauni na Likoni: "Muelewe mwenzio, amepoteza kila kitu." Naye mke, je, hakupoteza?

Hapo ndipo penye jambo la kushikilia katika kampeni nzima. Wanaume wengi hupoteza nyumba, mashua au kibanda na hawamgusi mtu. Kwa hiyo usiseme kamwe kwamba mafuriko "yameleta" kipigo. Kimbunga Mitch kilipoipiga Amerika ya Kati mwaka 1998, shirika la wanawake la Puntos de Encuentro nchini Nikaragua lilifanya kampeni iliyowaambia wanaume kuwa ukatili dhidi ya wanawake ni janga ambalo wao wanaweza kulizuia. Hakuna mtu anayeweza kuisimamisha mvua, lakini mkono una mwenyewe.

Hatua ya kwanza: itembee njia ya msaada kabla ya kuitangaza

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Watu huchapisha fulana, hukodi spika, hupita mtaani wakiwaambia wanawake "vunja kimya". Mwanamke anavunja kimya saa nne za usiku, anakuta kituo cha afya kimefungwa na namba aliyopewa haipokewi. Hatarudi tena, na dada zake wote watajua kilichompata.

Pwani tuna mvua za masika, Machi hadi Mei, na za vuli, Oktoba hadi Desemba. Basi kazi hii ifanywe Februari na Septemba, barabara zikiwa kavu. Watu wawili watembee wenyewe, na daftari mkononi.

Anzeni hospitali. Hospitali kuu ya Pwani, Coast General, ina kituo maalumu cha kuwahudumia walionusurika ukatili wa kijinsia. Lakini mwanamke wa Likoni anahitaji kuvuka feri kufika kisiwani, na wa Port Reitz ana safari yake. Kwa hiyo ulizeni pia hospitali ndogo zilizo karibu nanyi: Likoni, Port Reitz, Tudor. Msiulize "mnatoa huduma?" maana jibu litakuwa ndiyo. Ulizeni hivi: Jumapili usiku nani yuko zamu? Dawa za PEP, zile za kuzuia virusi vya ukimwi, ziko wapi na nani ana ufunguo? Fomu za PRC, ambazo daktari huandika alichokikuta, zipo? Mgonjwa ataambiwa alipe nini, na wapi? Andikeni majibu na cheo cha aliyejibu.

Kisha nendeni kituo cha polisi. Ulizeni dawati la jinsia liko chumba gani, kama kuna afisa wa kike usiku, na dawati likifungwa mtu anapokewa na nani. Mkumbuke kwamba kila anayeripoti anastahili kupewa namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi, na kwamba fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kwa ajili ya kesi, haiuzwi.

Kisha pigeni simu. Namba 1195 ni ya kitaifa ya ukatili wa kijinsia, haina malipo na hupokewa saa 24. Kwa mtoto, ni 116, nayo bila malipo. Pigeni wenyewe, mwelezeni anayepokea kwamba ninyi ni kikundi cha mtaa mnaotaka kujua wanawake wa huko kwenu wanaelekezwa wapi. Polisi wa dharura ni 999 au 112.

Mwisho wa njia ni usafiri, na hapa ndipo mafuriko huharibu mipango yote. Maji yakijaa, ni kichochoro gani kinapitika? Nani ana boda au tuktuk, ni mtu mwenye staha, na atakubali kuamshwa usiku? Nauli inatoka wapi? Chama cha akina mama kikitenga akiba ndogo kwa nauli hizo tu, kimefanya zaidi ya mabango kumi. Kama kuna nyumba salama ya kuwahifadhi wanawake, jueni anayeweza kuwaunganisha nayo, lakini pasitokee mtu wa kutaja mahali ilipo, hata kwa nia njema.

Haya yote yaingie kwenye karatasi moja. Ukurasa mmoja, herufi kubwa.

Saa zinazohesabika

Kila mtu wa kikundi ajue habari hizi kwa moyo, kwa sababu ndizo zinazookoa maisha.

Aliyebakwa afike hospitali haraka iwezekanavyo. Dawa za PEP za kuzuia virusi vya ukimwi huanzwa ndani ya saa 72, na humezwa kwa siku 28. Dawa za kuzuia mimba hufanya kazi ndani ya saa 120, ila kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Saa zikishapita bado aende: kuna majeraha, maradhi mengine, chanjo, na moyo unaohitaji kusikilizwa.

Asioge kabla ya kupimwa, hata kama mwili wote unamtaka aoge. Mwelezeni sababu kwa upole, na akiwa ameshaoga asilaumiwe na apelekwe vivyo hivyo. Nguo alizokuwa nazo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au zifungwe kwa gazeti. Mfuko wa plastiki hutunza unyevu, na unyevu huharibu ushahidi.

Hospitali inaweza kutangulia polisi. Watu wengi hudhani daktari hawezi kumgusa bila karatasi ya polisi, na kwa dhana hiyo saa 72 hupotea kwenye benchi la kituo. Matibabu kwanza. Hospitalini hujazwa fomu ya PRC, ambayo hueleza alichokikuta daktari, na P3 hutolewa polisi ikajazwa na daktari kwa ajili ya kesi.

Hatua ya pili: chagueni sauti zinazoaminika

Msemaji mzuri wa jambo hili si lazima awe yule anayejua kuhutubia. Ni yule ambaye wanawake tayari humpelekea siri zao. Mombasa watu hao wapo. Somo aliyemfunda bibi harusi hubaki kuwa mtu wake wa siri kwa miaka mingi, na huingia nyumba ambazo mwanaharakati mwenye fulana hafiki hata barazani. Yuko msusi, yuko mkunga, yuko mama wa chapati anayekesha na jirani zake. Yuko ustadhat wa darsa za akina mama, na kiongozi wa jumuiya ndogo kanisani. Mhudumu wa afya ya jamii naye hupita nyumba kwa nyumba, kwa hiyo haonekani mgeni akibisha hodi siku za mafuriko.

Wakutanisheni kwa siku moja. Wafundisheni karatasi ile, saa zile, na namna ya kumsikiliza mtu, ambayo nitaieleza chini. Kisha mkubaliane jambo moja zito: anayeandika majina ya msaada asiwe ndiye anayepokea malalamiko ya ukatili. Mama akiogopa kuondolewa kwenye orodha ya unga hatasema lolote, na kama mkosaji ni huyo mwenye orodha, ndio kabisa.

Jiulizeni pia nani hatafikiwa na sauti hizi. Msichana wa kazi aliyetoka bara na hana ndugu hapa. Kiziwi, asiyesikia spika. Mwanamke anayetumia dawa za kulevya, ambaye kila mtu amemkatia tamaa na hivyo hata akibakwa hakuna anayeuliza. Kwa kila mmoja wao mtafute mtu mmoja anayeaminiwa naye.

Hatua ya tatu: tungeni ujumbe mfupi wenye kazi

Ujumbe mzuri una mambo matatu: kilichotokea, pa kwenda, na ahadi inayotimizika. Usitishe, usihukumu, usimwambie mwanamke avae vipi wala asitoke usiku. Choo kiko nje. Atatoka.

Mfano wa tangazo la spika au la mhudumu anayepita darasa kwa darasa kambini:

"Akina mama, akina dada, poleni kwa yaliyotupata. Mtu akikupiga, akikushika bila ridhaa yako, au akikutaka kimwili ndipo akupe msaada, hilo ni kosa la jinai, hata akiwa jamaa yako au mgawaji. Kipigo ni kosa hata kikitoka kwa mumeo. Msaada ni bure, haulipiwi kwa pesa wala kwa mwili. Piga 1195, haina malipo, usiku na mchana. Kama huna simu, nenda kwa mama mwenye kilemba cha njano karibu na bomba. Ukibakwa, nenda hospitali ndani ya saa 72, na usisubiri polisi."

Kilemba cha njano nimekiweka kwa makusudi. Mtu asiyejua kusoma, au mtoto, anahitaji alama anayoiona kwa macho. Chagueni rangi isiyovaliwa na chama chochote cha siasa eneo lenu.

Lugha izingatie walioko. Kiswahili kitawafikia wengi, lakini bibi wa Kigiriama anaweza kulisikia neno hili vizuri zaidi kwa lugha yake, na Changamwe na Mikindani wako Wakamba, Waluo na wengineo wengi. Mtu wao ndiye aseme.

Napenda sana wazo la leso. Mwanamke wa Mwambao huvaa ujumbe kiunoni na mabegani bila kutoa hotuba, na jina la leso husomwa na mume, mama mkwe na jirani kwa wakati mmoja. Kikundi chenye uwezo wa kuchapisha leso kinaweza kutunga jina lake, kwa mfano: MVUA HUBOMOA KUTA, HAIPIGI MKE. Pembeni, kwa herufi ndogo, namba 1195. Ikigawiwa pamoja na msaada, itatumika kubebea mtoto, kujifunika usiku na kusitiri mlango usio na ubao, na namba ile itakuwepo siku itakapohitajika. Pasipo uwezo huo, stika ndogo ndani ya mlango wa choo cha wanawake inatosha. Hapo mtu husoma peke yake, na mume haoni anachosoma.

Hatua ya nne: kagueni kambi, siyo watu tu

Mtaa ukihamia shuleni au msikitini, nendeni siku ya kwanza mkaangalie mahali penyewe. Kanuni za kimataifa za misaada ya kibinadamu zijulikanazo kama Sphere hutaka choo kimoja kwa watu wasiozidi 20, vyoo vitatu vya wanawake kwa kila kimoja cha wanaume, visivyo mbali zaidi ya mita 50 na wanakolala watu, na vyenye komeo kwa ndani. Shule zetu hazitafikia vipimo hivyo usiku mmoja. Lakini komeo ni kitu cha kununua duka la vifaa asubuhi hiyo hiyo, na taa ya sola kwenye njia ya choo ni kitu cha kumwomba mfanyabiashara mmoja wa mtaa. Waonyesheni wenye mamlaka kanuni hizo, waone kuwa hamdai anasa.

Wanawake wasio na wanaume wao, na wasichana walio peke yao, wapewe chumba chao, chenye mlinzi wa kike. Pedi, nguo za ndani na tochi ziingie kwenye orodha ya msaada sawa na unga na blanketi. Mgao ufanywe mchana, mahali peupe, na orodha ibandikwe ukutani ili kila mtu aone jina lake na kiwango chake. Mgawaji asiende kumpelekea mwanamke mzigo chumbani. Vishawishi vingi vya ngono kwa msaada hukua pale ambapo mtu mmoja anajua nani anapata nini, na wengine hawajui.

Izungukeni kambi pamoja na wasichana wenyewe na muwaulize wanaogopa wapi. Watawaonyesha kona ambazo mtu mzima hakuziona.

Hatua ya tano: zungumzeni na wanaume maskanini kwao

Usiwaite wanaume ukumbini kuwalaumu. Wafuate kwenye kahawa, baada ya alasiri au magharibi, na aende mwanamume anayeheshimika: nahodha, fundi, kocha wa timu ya mtaa, imamu. Aanze na hasara yao, kwa sababu ni ya kweli. Mvuvi aliyepoteza mashua ana huzuni ambayo hana pa kuipeleka. Kisha aseme waziwazi kwamba huzuni ni haki yake, na kumpiga mke ni kosa lake.

Mazungumzo huwa hivi:

"Mzee wangu, mtu umepoteza kila kitu, mke naye anakuchokonoa kutaka pesa ya maziwa. Hasira itakosa?"
"Hasira haitakosa, ndugu yangu. Nami ninayo. Lakini hasira hiyo hiyo, mbona hatukumpiga diwani, wala mwenye nyumba? Tuliijua njia ya kuizuia."
"Hapo umenishika."
"Basi ikipanda, toka, njoo hapa kahawani hata saa sita. Tutakaa nawe."

Ahadi hiyo ya mwisho ndiyo yenye kazi. Chagueni watu wawili ambao mwanamume yeyote anaweza kuwaendea. Khutba ya Ijumaa na mahubiri ya Jumapili nayo yana nguvu kubwa, hasa wiki ile ya kwanza, wakati misikiti na makanisa yenyewe yamejaa waliohama. Mpeni imamu au mchungaji karatasi yenu mapema, na mumwombe ataje namba 1195 mimbarini. Wavulana pia hudhulumiwa, na wengi hawasemi kamwe. Semeni wazi kwamba hospitali ni ile ile na namba ni zile zile.

Hatua ya sita: redio

Umeme ukikatika, redio ndogo ya betri na simu ya mulika mwizi ndizo zinazobaki. Mombasa ina Pwani FM, Radio Salaam, Radio Rahma, Baraka FM na nyingine zinazosikizwa majumbani na kwenye matatu. Andikeni tangazo la nusu dakika, mlipeleke kabla ya msimu wa mvua, mkubaliane litolewe lini. Katika vipindi vya kupiga simu, aende muuguzi au afisa wa dawati la jinsia. Msimpeleke manusura hewani kusimulia yaliyompata wakati majeraha ni mabichi, hata akijitolea. Sauti hutambulika, na Mombasa ni ndogo.

Hatua ya saba: mwanamke akija kwako

Siku itafika utakapoitwa pembeni. Hapo kampeni yote huishia kwa watu wawili.

Mpeleke mahali pasipo masikio, lakini pasipotia shaka. Mpe maji. Usimuulize "kwani ulimfanya nini?" wala "mbona ulikwenda huko?" Usitake maelezo yote, kwa kuwa atayarudia kwa daktari na kwa polisi, na kila kurudia kunaumiza. Unachohitaji kujua ni kama yuko salama sasa hivi, kama ameumia, na ilikuwa saa ngapi.

"Mama, nina jambo, lakini naona haya."
"Sema mwanangu, nakusikiliza. Na usiposema yote, pia sawa."
"Ni yule anayelala chumba cha pili na sisi. Jana usiku."
"Pole sana. Umefanya vyema kuja. Hili si kosa lako. Hospitali tunaweza kwenda sasa, kuna dawa ambazo zina saa zake. Nitakwenda nawe. Polisi tutaongea baadaye, utakavyoona wewe. Unataka nani mwingine ajue?"

Uamuzi ni wake. Wewe unamfungulia njia, humsukumi. Hilo lina mpaka mmoja: akiwa mtoto, yaani chini ya miaka 18, usimwachie mzigo wa kuamua. Piga 116, mpeleke hospitali, na mtu mzima aripoti. Usiahidi usichoweza, kama vile "atafungwa kesho".

Hatua ya nane: siri na picha

Fupi lakini nzito. Hakuna picha ya manusura, hakuna jina, hakuna "mama mmoja wa nyumba ile ya bluu" kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihusu habari za mtu hata zikiwa mikononi mwa kikundi kidogo. Mkiandika kumbukumbu, andikeni idadi na aina, daftari likae kwenye kabati lenye kufuli kwa mtu mmoja. Wafadhili wakitaka "hadithi za kugusa" ili watoe pesa, wapeni hali ya choo kisicho na komeo. Nayo inagusa.

Hatua ya tisa: kumalizana nyumbani

Hapa ndipo kesi nyingi hufa. Wazee wa pande mbili hukaa, hutolewa pesa au mbuzi, msichana huambiwa asamehe, au mbaya zaidi, aolewe na aliyembaka. Baada ya mafuriko shinikizo huongezeka, kwa sababu familia haina kitu na pesa ile inaonekana kama paa jipya.

Nendeni barazani kwa chifu mseme sheria ilivyo. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 huweka kifungo kisichopungua miaka 10 kwa ubakaji, na cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini. Kusimamisha kesi ya namna hiyo si kazi ya wazee, wala ya chifu, wala ya baba wa msichana. Uamuzi huo ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kwa kipigo cha nyumbani kuna Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015, ambayo humwezesha mwanamke kuomba amri ya mahakama ya kumlinda, na mahakama inaweza kumzuia mkosaji asimkaribie. Sheria hiyo hutambua pia kumnyima mtu pesa na mali kuwa ukatili, jambo ambalo wengi hawalijui.

Wazee msiwafanye maadui. Waulizeni wao wanaweza kufanya nini: kumlinda shahidi asitishwe, kuzuia msichana asitengwe, kumwambia mkosaji asikanyage kambini. Mzee aliyepewa kazi ya heshima huacha mapema kazi ya kuficha.

Hatua ya kumi: maji yakikauka

Msaada huondoka baada ya wiki chache, ukatili haufuati ratiba hiyo. Madeni ya kujenga upya huanza hapo, na hapo ndipo mabinti huozeshwa. Endeleeni angalau miezi sita, kwa mkutano mdogo wa kila mwezi na ziara kwa familia zilizorudi. Shule zikifunguliwa, mwalimu awape majina ya wasichana ambao hawakurudi, nanyi mwende kubisha hodi.

Siku 16 za harakati dhidi ya ukatili wa kijinsia huanza Novemba 25 hadi Desemba 10, katikati ya vuli. Msizitumie kwa matembezi ya mabango peke yake. Rudini kambi za mwaka uliopita, mkague makomeo na taa, mfanye zoezi la njia ya msaada usiku, kana kwamba mvua imeshapiga.

Na mnapotaka kujua kama mmefanikiwa, msihesabu fulana wala waliohudhuria. Msitishwe pia na kesi zilizoripotiwa kuongezeka, kwani mara nyingi hiyo ni dalili kwamba watu wameanza kuamini. Simameni Kongowea asubuhi ya soko, au kwenye foleni ya feri upande wa Likoni, mwaulize wanawake kumi msiowafahamu: usiku wa leo mtu akikuumiza, unapiga namba gani, unakwenda hospitali ipi, na ndani ya saa ngapi? Andikeni wangapi wamejibu yote matatu, wangapi wamejibu moja, na mtaa wa kila aliyeshindwa. Mtaa huo ndio wa kuanza nao Februari.